Shajara ya friza: kiporo, gesi na uniti za LUKU

7 Aprili

Friza limefika. Ni la mtumba, la kufungulia juu kama sanduku, lita 100, shilingi 320,000 pamoja na guta la kulitoa Chumbageni hadi kwetu Makorora, hapa hapa Tanga mjini. Fundi kasema lisiwashwe mpaka litulie kwa kuwa lililazwa njiani, basi limekaa limezimwa mpaka baada ya Isha. Watoto wamelizunguka kama mgeni aliyetoka Hija.

Friji tunayo, ila kichumba chake cha barafu kinatosha trei mbili na samaki mmoja. Nami nimechoka kumwaga chakula. Kwa wiki mbili kabla ya leo, kila kilichotupwa jikoni kilipita kwanza kwenye mizani. Wiki ya kwanza kilo 4.2, ya pili kilo 3.8. Zaidi ya nusu ni wali, halafu ugali, halafu mchicha ulionyauka kabla ya kuonja chumvi. Na sokoni nilitumia 98,000 wiki moja, 104,000 nyingine, gesi haimo. Tuko watu sita: sisi wawili, mama mkwe wangu ambaye humu ndani wote tunamwita Bibi, na watoto watatu.

Kabla ya kuanza tumekubaliana maneno, maana hapa kwetu kila mtu huita kila kitu kiporo. Kiporo ni kilichobaki sufuriani, hakijaguswa na mkono wa mtu. Makombo ni yaliyobaki sahanini. Kiporo kinaingia friza, makombo yanakwenda kwa kuku wa jirani, hakuna mjadala. Bibi akaongeza neno la tatu, mwiku, kile kinachobaki usiku kikaliwa asubuhi na chai. "Mwiku hautaki friza," alisema, "unataka njaa."

Nitapima vitu vinne: kilo zinazotupwa, pesa ya sokoni, uniti za umeme, na siku ambazo mtungi wa gesi unakaa. Hilo la mtungi ni wazo la baba watoto. Nilimwambia gesi haihusiani na friza, akasema andika tu.

10 Aprili

LUKU, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Kabla ya friza tulikuwa tunakula uniti 3.1 kwa siku, sasa 4.2. Kwa hiyo friza linataka 1.1 kwa siku, na hii ni siku za mwanzo lingali tupu. Ukiacha siku ile wanapokata kodi ya jengo, elfu kumi inatuletea uniti 28. Ina maana friza linakula karibu 2,750 kwa wiki hata kama ndani hamna kitu. Nimeiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu. Kila wiki friza likiokoa chini ya hapo, nimenunua kabati la baridi la kuhifadhia hasara.

13 Aprili

Wali. Hapa nimekaa siku tatu, na hapa ndipo nimebishana na Bibi kwa adabu zote nilizofundishwa.

Nilimwambia kwamba wali uliolala sufuriani juu ya jiko sitaugandisha wala sitampa mtoto. Akaniuliza, "Mwanangu, mie nimekula mwiku miaka sabini. Nani kafa?" Sikuwa na jibu mezani. Nimelipata nikiosha vyombo.

Wali wa Bibi ulipikwa kwa mkaa. Ukikauka ulipaliwa, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, na ukabaki hapo usiku kucha na moto wake ukifa taratibu. Saa sita ya usiku ukifunua, mvuke unakupiga usoni. Alfajiri ungali na uvuguvugu wa mwisho, na saa moja umeshaliwa. Muda wake wa hatari ulikuwa mfupi. Wali wangu mimi ni wa gesi. Saa mbili usiku nazima, na mpaka asubuhi umekaa saa kumi katika joto la Tanga, haumo kwenye moto wala kwenye baridi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa katika hali hiyo anaamka, anazaliana, na anaweza kuacha sumu ambayo hata uupashe moto mpaka uungue, sumu haitoki. Kwa hiyo kupasha vizuri asubuhi hakusaidii kama usiku uliachwa ovyo.

Nilimweleza hivi: "Mama, moto wako ulikuwa unaulinda. Wangu unazimwa." Alinyamaza. Kisha akasema nilete sinia kubwa, ile ya biriani.

Na sinia ndiyo siri yote. Wali ukiachwa kwenye sufuria kubwa unapoa nje, katikati umeshikilia joto lake kwa saa nyingi. Ukitandazwa sinia nzima, feni ikiuelekea, dakika ishirini umepoa. Naupima nusu kilo, naingiza kwenye mfuko mzito wa zipu, naubana uwe bapa kama daftari, unene wa vidole viwili, natoa hewa, unaingia friza. Tangu kuzima jiko mpaka kufunga mfuniko wa friza nimejiwekea isizidi saa moja. Ubapa nao una kazi yake: unaganda haraka, unayeyuka haraka, na unapangika wima kama vitabu.

Kupasha: wali unatoka friza unaingia sufuriani ukiwa bado barafu, vijiko vitatu vya maji, mfuniko, moto mdogo. Mpaka ndani kabisa uwe wa moto, si uvuguvugu. Mwenye kipimajoto atafute digrii 70.

Wali mweupe umerudi kama ulivyokwenda. Wali wa nazi umekauka kidogo, ukitiwa vijiko viwili vya tui badala ya maji unarudi. Pilau haikujua hata kama iligandishwa. Jambo lililonishangaza ni kwamba wali ule ule ukiuweka friji ya kawaida siku mbili unakuwa mgumu kama kokoto, ilhali wa friza ni laini.

19 Aprili

Wiki ya misiba midogo.

Nilijaza supu ya mifupa kwenye chupa ya kioo ya jemu mpaka shingoni nikaifunga. Asubuhi chupa imepasuka kuanzia kitakoni mpaka juu, supu imesimama peke yake kama sanamu. Maji yakiganda yanapanuka, karibu asilimia 9, na kioo hakina pa kwenda. Supu yote nimemwaga kwa hofu ya vigae. Sasa natumia makopo ya aiskrimu, na juu naacha nafasi ya vidole viwili.

Mchuzi wa nyama na viazi: nyama nzuri, viazi vimekuwa sifongo. Ukikibonyeza kiazi kinatoa maji. Barafu inapoota ndani ya kiazi inachana vijumba vyake, basi kikiyeyuka hakuna kinachoshikilia umbo. Siku hizi nikijua mchuzi utagandishwa natoa viazi kabla, au sitii kabisa, navitia vibichi siku ya kupasha. Ila kiazi kilekile ukikiponda ukakifinyanga katlesi, hakidhuriki, kwa sababu umbo umeshalivunja wewe mwenyewe. Nimegandisha katlesi 24, zimepakwa chenga za mkate mkavu uliobaki, bado hazijakaangwa. Zilipangwa kwanza kwenye trei zisigusane, zilipokuwa mawe ndipo zikaingia mfuko mmoja.

Ugali: usijaribu. Ukiyeyuka unatoa jasho na kumumunyuka. Ugali uliobaki hapa nyumbani unakatwa vipande vya kidole, unakaa friji usiku mmoja, asubuhi unakaangwa kwa mafuta kidogo na pilipili manga. Kitinda mimba anauita chipsi.

Na lebo. Niliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki yenye umande. Siku ya nne maandishi yote yamekuwa madoa ya bluu. Nikatoa kopo nikijua ni tui, nikalitia kwenye samaki, kumbe ni uji wa mchele wa mtoto. Samaki wamelika, lakini kimya kimya. Dawa niliyoipata ni selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, inayobandikwa kopo likiwa kavu na kuandikwa kwa penseli. Penseli haichuruziki. Lebo ina vitu vitatu tu: nini, tarehe, watu wangapi.

Suala la mifuko limenisumbua pia. Rambo zimepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata zilipokuwepo hazikuwa za kuwekea chakula. Hii ya zipu ni ghali, basi naiosha na kuianika kwenye kamba na nguo. Iliyowahi kubeba nyama mbichi au samaki haifuliwi, inatupwa.

27 Aprili

Maharage. Nimeloweka kilo mbili usiku, asubuhi nimemwaga maji ya kulowekea, nimepika kwa pamoja. Saa mbili kasoro dakika tano jikoni. Nusu kilo huwa inanichukua saa moja na dakika arobaini. Narudia ili nijisomee vizuri baadaye: chakula mara nne, moto umezidi kwa robo saa.

Yamevimba mpaka karibu kilo tano. Sufuria imekaa ndani ya beseni la maji baridi, nimebadilisha maji mara tatu, kisha nimegawa pakiti sita pamoja na mchuzi wake, bila kuungwa. Maharage yaliyofunikwa na mchuzi hayakauki wala kupasuka. Siku ya kula naunga kitunguu na nyanya, nazi ikipatikana, pakiti inaingia, robo saa tumemaliza.

Kuna jirani alinishauri niyachemshe kidogo, nizime, niifunike sufuria kwa blanketi yaivie humo. Kwa wali au makande yaliyokwisha kuchemka vizuri sina neno. Kwa maharage mekundu siafiki mpaka yawe yametokota kwa nguvu dakika kumi kwanza, maana yana sumu yake ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Moto mdogo hauivunji.

Kisamvu nimekifanyia vilevile. Kimetwangwa, kimechemshwa muda wake wote mpaka kikalainika, kisha kimegawanywa. Ndugu zetu walio Ulaya hununua kisamvu cha barafu dukani tukawacheka. Leo ninacho changu.

Mchicha ni mwepesi zaidi: dakika moja kwenye maji yanayochemka, maji ya baridi, kamua, finyanga madonge ya ukubwa wa ngumi. Ukiugandisha mbichi unakuja mweusi na harufu ya majani makavu.

5 Mei

Masika yamekolea, nyanya zimepanda. Sado lililokuwa 4,000 mwezi wa pili leo pale soko la Mgandini wanataka 9,000, na nusu zimepasuka kwa mvua. Matenga kutoka Lushoto yanafika yamelowa.

Kosa langu la miaka yote ni kuuliza "badala ya nyanya nitie nini?", kana kwamba kuna kitu kimoja duniani kinachofanana na nyanya. Safari hii nilisimama jikoni nikauliza nyanya inafanya kazi gani mle sufuriani. Inafanya kazi tatu. Inaleta uchachu, inaleta rangi na utamu kidogo, na inafanya mchuzi uwe mzito. Kazi tatu zinaweza kupewa vibarua watatu.

Uchachu: ukwaju. Kipande cha ukubwa wa yai kimelowekwa kwenye kikombe cha maji ya moto, kimechujwa, nimetia nusu kikombe na mwisho kabisa wa mapishi. Rangi na utamu: karoti moja iliyoparuzwa, imekaangwa pamoja na kitunguu mpaka mafuta yawe ya njano. Uzito: vitunguu viwili badala ya kimoja, vimekaangwa pole pole mpaka vimepotea. Nyanya moja tu nimeitia kwa heshima.

Kwa dagaa umekuwa mchuzi bora kuliko wa nyanya tupu, na hili nalisema bila kujipendelea, Bibi aliomba upawa wa pili. Kwa maharage umekuwa mzuri. Kwa nyama sikuupenda, ukwaju unaitawala nyama, afadhali ndimu. Kwa mayai ya kukaanga usijaribu kabisa.

Na somo kwa mwezi wa nane, nyanya zikishuka: nyanya haihitaji kupikwa ndipo igandishwe. Unaiosha, unaitia nzima mfukoni. Siku ya kuitumia unaipitisha kwenye maji ya bomba, ganda linavuka lenyewe kama soksi. Imelainika, haifai kachumbari, lakini sufuriani nani atajua? Nimezijaribu tano.

11 Mei

Hakuna jipya. Tumekula vya friza siku nne. Kilichotupwa: kilo 1.3.

18 Mei

Nazi. Hapa Tanga kumwambia mtu apunguze nazi ni kumtukana. Lakini nazi tatu kwa siku ni pesa.

Nimefanya mawili. Kwanza, karanga zilizosagwa zimechukua nafasi ya tui kwenye mchicha na kisamvu. Imekubalika, na si ajabu, bara ndivyo wanavyopika siku zote. Kwenye wali na maharage nimekatazwa na kamati nzima ya watu watano. Pili, tui zito silimalizi tena siku moja. Nazi mbili zinakunwa kwa pamoja, tui jepesi linapikia leo, tui zito linaingia trei ya barafu, vidonge vinane, kesho yake vinahamia mfukoni. Kidonge kimoja ni vijiko viwili. Kikiyeyuka utaona maji na mafuta vimeachana, usiogope, kitie kwenye chakula cha moto ukoroge, vinapatana. Trei ya pili ni maji ya ndimu.

Mchele: nimehama nusu. Mchele mzima umebaki wa kula wali, chenga, yaani mchele uliovunjika, imechukua kazi nyingine zote. Nilijiona mjinga nilipokumbuka kwamba miaka kumi nimekuwa nikiloweka mchele mzuri wa Kyela ili niusage uwe vitumbua. Mchele unaokwenda kusagwa unahitaji urefu wa nini? Chenga inaingia pia uji na bokoboko. Ukiipikia wali, punguza maji, la sivyo unapata bondo. Na kiganja cha wali uliobaki kikisagwa pamoja na chenga iliyolowekwa, vitumbua vinakuwa laini ndani mpaka siku ya pili. Mkubwa ndiye aliyegundua, kwa uvivu, hakutaka kufungua mfuko mpya.

23 Mei

Mtungi umekwisha leo. Nilikwenda kwenye daftari kutafuta siku tuliyoufunga nikahesabu mara mbili, nikamwita mkubwa ahesabu naye. Tuliufunga 12 Aprili. Siku 41.

Uliotangulia, kilo 15 uleule, ulikaa siku 33.

Kwa bei tuliyoununulia, 58,000, zamani moto ulitugharimu kama 1,757 kwa siku, sasa 1,415. Tofauti kwa wiki ni karibu 2,400. Friza linakula 2,750. Kwa maneno mengine gesi isiyowaka inakaribia kulipa umeme wa friza lote, na mimi ndiye niliyesema gesi haihusiani. Mwezi mzima nimekuwa nahesabu punje za wali nikidhani naokoa chakula, kumbe naokoa moto. Maharage peke yake: zamani mara sita kwa wiki tatu, kila mara saa moja na dakika arobaini, ni saa kumi. Sasa ni saa mbili za kupika na saa moja na nusu ya kupasha.

Baba watoto hakusema kitu. Amelichukua daftari akapiga mstari chini ya "41" kwa kalamu yangu nyekundu.

1 Juni

Umeme ulikatika jana saa tisa alasiri, umerudi leo saa sita mchana. Saa 21.

Tangu siku ya kwanza niliweka friza kikombe cha maji, yalipoganda nikaweka sarafu ya mia mbili juu. Maana yake: ukikuta sarafu iko juu, barafu haijayeyuka hata kama hukuwepo nyumbani. Ukiikuta chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, usikile. Friza lililojaa likiachwa limefungwa huhimili kama saa 48, lililojaa nusu kama saa 24. Langu lilikuwa nusu na kidogo. Nikalifunika blanketi mbili nikatangaza kwamba asiguse mtu.

Kitinda mimba alilifungua mara tatu kuangalia kama sarafu iko juu.

Nilipofungua mwenyewe, sarafu imezama kidogo tu. Wali na maharage bado ni mawe. Katlesi za juu zimeanza kulegea lakini zina chembe za barafu, zimekaangwa leo zote na jirani amepata. Kibua wanne waliokuwa juu kabisa walikuwa baridi na laini, wamepikwa saa ileile, sikuwarudisha. Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu, na kila kikiyeyuka vinaamka na kuendelea pale vilipoishia.

Nililobadilisha: samaki na nyama sasa wanakaa chini, mikate na katlesi juu. Pia nafasi tupu nimezijaza chupa za plastiki za maji, zimejazwa robo tatu. Friza lililojaa hushika baridi muda mrefu zaidi, hata likijazwa maji tu.

9 Juni

Idi kubwa imepita. Nyama iliyotufikia kutoka nyumba tatu ni kilo saba na robo. Miaka mingine tunakula nyama siku tatu mfululizo mpaka watoto wanaomba dagaa, au nakaanga kwa mafuta mengi ihimili.

Safari hii nimekata siku ileile, kabla ya kuganda, maana nyama ya friza haikatiki bila ugomvi. Robo tatu kilo kwa pakiti, bapa. Mifupa peke yake kwa supu. Kilo moja nimeisaga, nimechanganya na kitunguu na giligilani, nimeigandisha mbichi kwa sambusa. Kuyeyusha ni usiku ndani ya friji, si juu ya meza. Juu ya meza nje inakuwa na joto la chumba huku moyo wake ungali barafu.

Robo tatu kilo ya nyama kwa watu sita ni kidogo, nakubali. Naiongezea choroko zilizochemshwa nusu, zinakunywa mchuzi wa nyama mpaka kijiko hakijui kimechota nini. Wa kati amegundua, akahesabu vipande vyake kwa sauti. Kumi na moja, alisema, na vitano si nyama.

22 Juni

Wiki ya kumi na moja. Namba, kwa haraka.

Kilichotupwa wiki hii: kilo 0.9, karibu yote ni makombo ya sahani ya kitinda mimba. Sokoni: wiki tatu za mwisho 87,000, 84,000 na 87,000, wastani 86,000, dhidi ya 101,000 ya mwanzo. Pungufu ni 15,000. Ukitoa pengo la umeme na gesi, kama 350, friza litarudisha bei yake kwa wiki 22. Wiki iliyokuwa na nyama ya Idi sikuihesabu, ingenidanganya.

Lakini nilipozigawa 15,000 kwa jasho la kweli nimeona kitu nisichokitarajia. Chenga na karanga zimeokoa kama 6,500. Kupima wali kabla ya kupika, kibaba kimoja na nusu badala ya "mimina tu", kumeokoa 4,000 hivi. Kilichookolewa na friza lenyewe kwa kugandisha kiporo ni hiyo iliyobaki, 4,500. Na kinazidi kushuka, kwa sababu tangu nianze kupima kiporo chenyewe kimekuwa adimu. Sasa friza lina vitu nilivyovipika kwa makusudi kuliko vilivyobaki. Nimelinunua kwa sababu moja, linafanya kazi nyingine.

Kwa hiyo wiki ijayo silipangi kwa kubahatisha. Jumapili ni siku ya moto mrefu: maharage, kisamvu, mifupa. Mbaazi nimeziahirisha, sijapata nzuri.

29 Juni

Nimekwenda friza kuhesabu mifuko. Wali minne, maharage mitano, kisamvu mitatu, nyama mitano. Chini kabisa nyuma ya chupa za maji kuna makopo mawili ya aiskrimu nisiyoyajua. Yamebandikwa selotepu vizuri, yameachwa nafasi ya vidole viwili, na lebo imeandikwa kwa penseli kwa herufi za Kiarabu, hati ya mtu aliyesoma chuo cha Kurani zamani.

Mimi herufi zenyewe nimeshazisahau. Nimemwita wa kati, yeye yuko madrasa. Amelisogeza kopo dirishani akasoma kwa kidole kutoka kulia: "Mbaazi. Za Ijumaa. Na mahamri. Asiguse mtu."

Nimeyarudisha palepale.